SOMO LETU: HESABU NA MOYO WA MWANADAMU



Katika somo hili tutajifunza jinsi hesabu zilivyosaidia watu kuufahamu ugonjwa wa moyo. Pengine mtauliza, "Hesabu na moyo, wapi na wapi?" Lakini nani kati yetu hajamsikia mtu akisema, "Babu yangu alivuta sigara mpaka akafika miaka tisini"? Na mwingine husema, "Presha ninayo, lakini siumwi popote; vidonge vya nini?" Maneno kama hayo yamewapeleka wengi kaburini kabla ya wakati wao. Basi na tuyapime.

1. Mji wa Framingham

Tarehe 12 Aprili 1945, Rais Roosevelt wa Marekani alikufa ghafula kwa kupasuka mshipa wa damu kichwani. Siku ile presha yake ilikuwa 300 kwa 190. Raia walikuwa wameambiwa kwamba afya yake ni njema. Wakati ule waganga wengi walifundishwa kuwa presha hupanda kwa sababu ya uzee, na kwamba si jambo la kushughulikia.

Mwaka 1948 serikali ya Marekani ilianzisha uchunguzi katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts. Waliandikishwa watu wazima 5,209, wanaume na wanawake. Kila baada ya miaka miwili walipimwa presha, uzito na mafuta ya damu yaitwayo kolesteroli, wakaulizwa habari za sigara na maisha yao. Kisha wachunguzi wakangoja kuona ni nani atakayeugua.

Hapo ndipo penye busara ya kazi ile. Ukimwuliza mgonjwa alikuwaje zamani, huenda amesahau, au ugonjwa wenyewe umekwisha kumbadilisha. Lakini wale waliandikwa wangali wazima, na daftari halisahau.

2. Daftari lilisema nini?

Mwaka 1961 Dakta William Kannel na wenzake walitoa taarifa ya miaka sita ya kwanza. Wenye presha ya juu na wenye kolesteroli nyingi waliugua moyo zaidi ya wenzao. Taarifa ile ndiyo iliyoeneza usemi wa "mambo ya kuhatarisha", yaani mambo ambayo mtu akiwa nayo, nafasi yake ya kuugua huongezeka. Habari za sigara nazo zilidhihirika miaka hiyo hiyo.

3. Tujihadhari na hesabu ya haraka

Tufanye mfano wetu wenyewe, wa kubuni. Tuseme wapo wanywaji wa kahawa 200, na wengine 200 wasiokunywa. Baada ya miaka kadhaa, wanywaji 34 wameugua moyo, na wasiokunywa 22. Mwenye haraka atasema, "Kahawa inaua!"

Ngoja kwanza. Tugawe kila kundi kwa sigara. Katika wanywaji, 150 huvuta sigara na 50 hawavuti. Katika wasiokunywa, 50 huvuta na 150 hawavuti. Tukihesabu tunaona hivi:

Wanywaji wanaovuta: 30 kati ya 150, yaani 20 kwa mia.
Wasiokunywa wanaovuta: 10 kati ya 50, yaani 20 kwa mia.
Wanywaji wasiovuta: 4 kati ya 50, yaani 8 kwa mia.
Wasiokunywa wasiovuta: 12 kati ya 150, yaani 8 kwa mia.

Mmeona? Kahawa haikuongeza kitu. Ilikaa baraza moja na sigara, ikasingiziwa kosa la mwenzake.

Sasa, ikiwa mambo ni mengi, tutagawaje? Tukichukua mambo saba, kila moja likiwa na ngazi tatu, tutapata vyumba 2,187. Ukiwagawa watu 5,209 humo, kila chumba hakipati hata watu watatu. Kwa idadi hiyo huwezi kuamua neno. Ndiyo sababu mtaalamu wa takwimu Jerome Cornfield alitumia kanuni ya hesabu inayopima mambo yote kwa pamoja, kila moja likipewa uzito wake huku mengine yakishikwa mahali pamoja. Yeye na wenzake, Truett na Kannel, walitoa hesabu hiyo mwaka 1967. Nayo ilionyesha kwamba mambo madogo madogo yakikusanyika kwa mtu mmoja, humletea hatari kubwa. Haba na haba hujaza kibaba.

4. Je, ni habari ya Wazungu tu?

Swali hili ni halali, maana watu wa kwanza wa Framingham karibu wote walikuwa Wazungu. Lakini mwaka 2004 ulitolewa uchunguzi uitwao INTERHEART, uliofanywa katika nchi 52, za Afrika zikiwemo. Sigara, presha, kolesteroli, kisukari na unene wa tumbo vilionekana kuhatarisha moyo kila upande wa dunia. Hata hivyo kiasi cha hatari hutofautiana kwa nchi, na kwa hiyo mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa majedwali mapya kwa sehemu 21 za dunia.

5. Turudi kwa babu

Daktari akisema hatari yako ni 20 kwa mia katika miaka kumi, maana yake ni kwamba kati ya watu mia walio kama wewe, ishirini wataugua na themanini watasalimika. Babu alikuwa mmoja wa waliosalimika. Hatumkanushi, lakini wenzake walioondoka mapema hawapo barazani kusimulia. Na presha haingoji uisikie ndipo ifanye kazi yake. Chombo cha kupimia ndicho kinachoisikia.

Umri hatuwezi kuurudisha, wala wazazi hatuwachagui. Lakini presha hupimwa na kutibiwa, chumvi hupunguzwa, na sigara huachwa. Aliyepewa vidonge asiviache kwa kuwa anajiona mzima. Kwanza amwulize daktari.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Kwa nini ilifaa watu wa Framingham waandikwe kabla ya kuugua?
2. Katika mfano wetu, kahawa ilisingiziwaje?
3. Ni nani nyumbani mwenu aliyepita miaka arobaini na hajapimwa presha mwaka huu? Atakwenda lini?