SOMO LETU: MCHANGA NA MAJI YA MJI

Tangu mwaka 2013 mji wa Wote ni makao makuu ya Kaunti ya Makueni, nao unazidi kukua. Kila nyumba mpya yahitaji mchanga, na wakaaji wake wahitaji maji. Yafaa tufahamu ya kuwa vyote viwili hutoka mtoni. Mto wa Ukambani ukikauka juu, maji hubaki chini ya mchanga, yamekingwa na jua. Mchanga ukizolewa, mafuriko hupita mbio na visima hukauka. Kwa hiyo watu wa Kitui na Makueni hujenga kuta mitoni kuuzuia mchanga, na mwaka 2015 Makueni ilitunga sheria ya kuuhifadhi. Basi, ewe mjenzi, uliza kwanza mchanga wako umetoka wapi. Nyumba isiyo na maji haikaliki.