Jiwe la Msaada

JUMATATU

Soma 1 Samweli 4:1–11 na 1 Samweli 7:2–13. Waisraeli walitafutaje msaada katika tukio la kwanza? Ni nini kilikuwa tofauti katika tukio la pili?

Jina Ebenezeri limeundwa na maneno mawili ya Kiebrania: eben, yaani jiwe, na ezer, yaani msaada. Wakristo wengi hulihusisha na ushindi. Lakini linapotajwa mara ya kwanza katika Biblia, ni jina la mahali ambapo Israeli walipiga kambi kabla ya kushindwa. Wafilisti waliwaua watu wapatao 4,000.

Wazee waliuliza swali jema: kwa nini Bwana ameruhusu tupigwe? Hata hivyo, hawakungojea jibu. Walituma watu Shilo kulileta sanduku la agano, wakitumaini kwamba litawaokoa. Kambi nzima ilipiga kelele hata nchi ikavuma, lakini sura hiyo haitaji sala wala toba. Siku ile askari 30,000 walianguka, sanduku likatekwa, na Hofni na Finehasi, wana wa Eli, wakafa. Watu walitaka msaada wa Mungu bila kumrudia Mungu mwenyewe. Sanduku takatifu walilifanya hirizi.

Miaka 20 ilipita tangu sanduku lilipowekwa Kiriath-Yearimu, na nyumba yote ya Israeli ikamwombolezea Bwana. Samweli aliwaagiza waondoe Mabaali na Maashtorethi, wamtumikie Bwana peke yake. Huko Mispa walifunga na kuungama dhambi zao. Ni wakati huohuo Wafilisti walipopanda kuwashambulia! Toba yao haikumzuia adui asije. Lakini safari hii hawakutafuta kitu cha kubeba vitani; walimsihi Samweli asiache kumlilia Bwana kwa ajili yao. Samweli akatoa mwana-kondoo awe sadaka, na Bwana akawafadhaisha Wafilisti kwa ngurumo.

Ndipo Samweli akasimamisha jiwe, akishuhudia kwamba Bwana amewasaidia mpaka hapo. Ushuhuda huo uliihesabu pia ile miaka 20 ya machozi, ambayo Mungu aliitumia kuirudisha mioyo yao kwake. Vita vingine vilikuwa mbele, lakini Israeli sasa walijua wamlilie nani.

Nasi tuna Kuhani Mkuu aliyejaribiwa kama sisi, bila kutenda dhambi. Kwa sababu hiyo tunaalikwa kukikaribia kiti cha neema kwa ujasiri, ili tupate msaada wakati wa mahitaji (Waebrania 4:15, 16).

Je, kuna kitu unachokitegemea kama hirizi, labda cheo cha kanisani, mazoea ya ibada, au Biblia iliyowekwa chini ya mto, badala ya kumtegemea Bwana mwenyewe? Utamwambia nini mshiriki wa darasa lako aliyeomba kwa miaka mingi na bado anangoja?