Kanzu ya Padri Jukwaani

Mchezo wa kuigiza shuleni una siku mbili kubwa. Ya pili ni siku ya wageni na makofi. Ya kwanza ni siku ya mazoezi ya mwisho, ambapo wachezaji huvaa maleba, yaani mavazi yote ya mchezo, wakacheza toka mwanzo hata mwisho pasipo kusimamishwa na mwalimu. Kwa mafunzo ya watoto, twaona siku hii ya kwanza yaipita ya pili.

Tutwae mfano wa Orodha, tamthilia ya Steve Reynolds iliyotolewa mwaka 2006, ambayo kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa vitabu teule vya Kiswahili katika sekondari zetu. Yamhusu Furaha, msichana aliyekufa kwa UKIMWI akaacha orodha. Wanaume wenye heshima zao watetemeka, wakidhani majina yao yamo. Na miongoni mwao yumo padri. Kumbe orodha si ya majina ya watu, bali ni ya mambo yanayoweza kuwalinda wengine wasiangamie kama yeye.

Penginepo habari hii yaweza kusomwa kama jambo la mbali. Si Tunduma, mkoani Songwe. Hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam huvuka mpaka kuingia Zambia. Malori hupanga foleni, na madereva walio mbali na jamaa zao hungoja mjini. Binti wa shule hupita kando yao, na pengine hana hata fedha ya daftari. Darasani aweza kuandika dhamira zote za kitabu akapata alama nzuri, wala asijue namna ya kusema "sitaki" mbele ya mtu mzima. Jukwaani hana budi kulitamka neno hilo kwa sauti, akimtazama mtu usoni.

Lakini siku ya maleba huzuka shida. Mvulana aliyeigiza padri kwa wiki kadhaa akiwa na sare ya shule hakumsumbua mtu. Sasa atokea na kanzu na rozari, na ukumbi wanyamaza. Wako watakaosema: mvueni, avae koti, aitwe mzee tu, Kanisa lisije likachekwa. Hoja hiyo haitoki katika nia mbaya. Hata hivyo hatukubaliani nayo.

Tukimvua kanzu, tutakuwa tumemfundisha binti ya kwamba hatari hutoka kwa wahuni wa baa peke yao. Siku atakapojaribiwa na mtu anayeheshimiwa na wote, awe mwalimu, mjomba au mtumishi wa Mungu, atadhani kosa ni lake mwenyewe, naye atanyamaza. Maandiko Matakatifu hayakuificha dhambi ya Daudi mfalme, wala kumkana Bwana kwa Petro. Aibu ni ya yule aichafuaye kanzu, si ya mtoto aionyeshaye.

Adabu, lakini, ishikwe. Stola na kasula zilizobarikiwa zisitolewe sakristia kwenda jukwaani. Kanzu ya kushonwa kwa kitambaa cha kawaida yatosha. Tena mwalimu akumbuke ya kwamba kuigiza kuna uzito wake. Mwaka 1895, katika monasteri ya Wakarmeli ya Lisieux, Ufaransa, Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu alivaa mavazi ya Yoana wa Arc akamwigiza mbele ya masista wenzake; na moto uliowashwa kwa ajili ya mchezo nusura umwunguze kweli. Kumvaa mtu mwingine si uongo, bali huweza kuunguza. Basi mazoezi yakiisha, binti aliyekuwa Furaha asiachwe peke yake. Avue maleba, aitwe kwa jina lake, akae na wenzake na mwalimu wazungumze yaliyowagusa.

Nanyi wazazi, ombeni ruhusa mhudhurie mazoezi hayo. Siku ya sherehe mtaona mtoto wenu akishangiliwa; siku ya mazoezi mtaona mahali anaposita, na neno linalomkwama kooni. Jioni hiyo, nyumbani, mwulizeni kwa upole: "Mwanangu, mbona pale ulisita?" Kisha nyamazeni, mmsikilize hata amalize.