Kabla hamjang'oa kompyuta ya chumba cha mitambo

Wadogo zangu mnaosimamia majengo ya ofisi, leo ni zamu yenu. Wengi mmekabidhiwa jengo la miaka ya 1990, na kule chini kwenye chumba cha mitambo mkakuta kompyuta ya Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Aprili 2014. Hiyo ndiyo inayoamuru chila, feni za hewa na pampu. Paswedi anaijua fundi mmoja tu, naye anakaribia kustaafu. Na tayari kuna kampuni imewaletea bei ya kung'oa kila kitu.

Msisaini kwanza.

Shukeni mkaangalie paneli. Mota nyingi zina swichi ya nafasi tatu: mkono, zima, otomatiki. Hesabuni ngapi ziko kwenye mkono. Kwenye majengo makongwe, ugonjwa mara nyingi uko hapo: siku moja wapangaji wa ghorofa ya nne walilalamika joto, fundi akaiweka feni kwenye mkono ili watulie, hakuna aliyeirudisha. Tangu hapo inazunguka usiku kucha, hata Jumapili, na kompyuta haina amri juu yake tena. Mkinunua mfumo mpya bila kulirekebisha hilo, mtapata skrini nzuri inayowaonyesha feni ileile isiyosikia. Chukueni pia kipimajoto cha kuaminika mlinganishe na sensa. Sensa ikisoma nyuzi mbili zaidi ya hali halisi, chila itapoza kupita kiasi, na watu watavaa sweta ofisini Dar es Salaam mwezi wa Februari. Sensa na valvu ndizo za kuanza nazo, tena kwa fedha ya matengenezo ya kawaida.

Yule mzee wa paswedi nawaomba mumheshimu. Kaeni naye kabla hajaondoka, mlipeni muda wake, atembee nanyi ghorofa kwa ghorofa huku mkiandika: waya huu unakwenda wapi, dampa ipi ya hewa imekwama, kwa nini pampu ya pili huwashwa kwanza. Michoro ya zamani haina hayo. Wiki hiyohiyo, mtaalamu wa kompyuta achukue nakala kamili ya diski, na ahakikishe inafanya kazi kwenye mashine nyingine. Diski ya umri huo inaweza kufa asubuhi yoyote, na mkiwa hamna nakala, mtanunua mfumo mpya kwa haraka na kwa bei ya aliyewakuta na shida.

Mwenye jengo msimweleze habari za programu, mwekeeni bili ya umeme mezani. Wateja wakubwa hawalipii uniti peke yake. Wanalipia pia kilele cha matumizi ya mwezi, kwa kVA. Chila zote zikiwashwa pamoja saa mbili asubuhi, hata siku moja tu, kilele hicho kinaingia kwenye bili ya mwezi mzima. Mfumo uliopangwa vizuri huziwasha kwa kupishana. Hiyo ni hoja anayoielewa.

Ukifika wakati wa kubadilisha, badilisheni kwa awamu. Anzeni na kompyuta kuu, kontrola za ghorofani zinazofanya kazi ziacheni, halafu mwendelee ghorofa moja moja mwisho wa wiki. Waya za mawasiliano zikipimwa na kukutwa nzima, zinaweza kubaki. Kwenye zabuni andikeni wazi kwamba vifaa vipya vitumie BACnet, itifaki ya wazi iliyopo tangu 1995, ili kesho mweze kununua kontrola kwa mwingine.

Intaneti ni jambo ninalolihofia kweli. Mwaka 2013 watafiti wa usalama waliingia kwenye mfumo wa jengo la ofisi za Google mjini Sydney kwa sababu programu yake haikuwa imesasishwa. Mwaka huohuo wezi waliingia kwenye mtandao wa maduka ya Target huko Marekani kwa utambulisho ulioibwa kwa mkandarasi wa majokofu na viyoyozi, wakachukua taarifa za kadi takriban milioni 40. Kwa hiyo mfumo wa jengo utengwe na mtandao wa ofisi, na mkandarasi afunguliwe mlango wa mbali pale tu anapokuwa na kazi.

Malipo ya mwisho yashikilieni mpaka mpewe faili za programu zinazoweza kuhaririwa, orodha ya pointi zote na paswedi ya ngazi ya juu. Mkandarasi akisema hizo ni siri ya kampuni yake, mlijue kabla ya kusaini. Siku ya makabidhiano azime kompyuta kuu mbele yenu: viyoyozi viendelee, kwa kuwa kontrola za ghorofani zinapaswa kujitegemea. Kompyuta ikiwa bado imezimwa, ijaribiwe kengele ya moto, mwone feni zinasimama na lifti zinashuka.