Sala ya Msafiri Nyumbani kwa Shangazi



Kila muhula unapokaribia kufungwa, suali ni lile lile: nikienda kwa jamaa zangu nipunguze sala au nitimize? Jibu lake nilijifunza kabla sijaanza chuo, Kibuli hapa, nyumbani kwa shangazi yangu, wakati wa likizo ya Novemba na mvua za vuli.

Nilikuwa kidato cha tatu Mombasa. Shule zilipofungwa, baba alisema tunakwenda Uganda kutembea: tuone mji, tuone msikiti mkubwa, tumsalimie na dada yake. Hilo la mwisho alilisema haraka. Sisi watoto tulijua kwamba hawajasemezana miaka tisa, tangu nyumba ya babu ilipouzwa.

Basi liliondoka baada ya Alasiri. Magharibi ilipotuingilia karibu na Voi, baba alitugeukia: "Nuieni kuichelewesha, tutaikusanya na Isha." Katika madhehebu ya Shafii nia hiyo ni sharti, ukiiacha, umeipitisha sala wakati wake. Basi liliposimama Mtito Andei tukasali Magharibi rakaa tatu, maana haipungui, kisha Isha rakaa mbili. Alfajiri ilitukuta Nakuru. Hiyo haikusanywi wala haipunguzwi. Adhuhuri na Alasiri tulizisali Busia baada ya kugongewa mihuri, mbili mbili, juu ya leso ya mama.

Asili ya ruhusa hii ni aya ya 101 ya Suratun Nisaa. Aya inataja hofu ya makafiri, na ndiyo sababu Sayyidna Umar (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) mbona watu wanapunguza nao wako katika amani. Akajibiwa kwamba hiyo ni sadaka ya Mwenyezi Mungu, basi waipokee. Hadithi hii ameipokea Imam Muslim.

Tulifika Kibuli Alhamisi, giza likiingia. Shangazi alitupakulia matoke na mchuzi wa karanga, akatukumbatia watoto mmoja mmoja, na baba akampa "karibu" moja tu. Wakati wa Isha baba alitusalisha sebuleni. Akatoa salamu kwenye rakaa ya pili. Shangazi, kwa kuwa yeye ni mkaazi, akainuka nyuma yetu peke yake kutimiza mbili zilizobaki.

Hapo alishajua. Kwa Shafii, mwenye kunuia kukaa mahali siku 4 kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, safari yake imekatika na anatimiza tangu anapofika. Wanachuoni walitolea dalili hadithi ya Muhajirina walioruhusiwa kubaki Makka siku 3 baada ya kumaliza ibada zao: siku 3 bado ni za mpita njia. Kwa Hanafi mpaka ni siku 15. Basi kwa rakaa mbili zile, baba alikuwa amemwambia dada yake, bila kufungua mdomo, kwamba hakuja kukaa. Tiketi za Jumapili zilikuwa mfukoni.

Ijumaa tulisali Kibuli, katika msikiti uliojengwa kwenye ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu. Jumamosi tukapanda mnara wa Msikiti wa Taifa, Old Kampala, kilima ambacho Lugard alijenga ngome yake mwaka 1890. Kutoka juu unauona mji wote umejipanga juu ya vilima. Baba alitueleza habari za Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara aliyefika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844, akasifu sana watu waliokuja kutoka upande wa pwani wakaleta dini. Shangazi alisikiliza, hakusema neno. Tukirudi tulinunua senene wa kukaangwa, maana Novemba ndiyo msimu wao. Mama alikataa kuwagusa hata shangazi alipomwambia kwamba nzige ni halali na senene ni wa jamii hiyo. Mimi nilikula mfuko mzima.

Usiku ule, tukingoja Isha, shangazi alizungumza.

"Ndugu yangu, aya ya 101 umeitumia tangu Mombasa. Ile ya 11 uliiruka?"

Sura ni hiyo hiyo moja. Aya ya 11 ndiyo inayogawa mirathi, na fungu la binti aliye pamoja na ndugu yake wa kiume limetajwa wazi: nusu ya fungu lake. Nyumba ilipouzwa, shangazi hakupata hata hiyo nusu. Aliambiwa ameolewa mbali, ana mume wa kumtunza.

Tahadhari hapa, kwa sababu wengi wetu tungekosea. Shangazi hakusema kwamba sala za baba hazikusihi. Wanachuoni wetu wametofautisha anayesafiri kwa ajili ya maasi, huyo hana ruhusa ya kupunguza, na mwenye dhambi aliye katika safari ya halali, huyo anayo. Baba alikuwa wa pili. Ruhusa ilikuwa yake kihalali, na deni pia lilikuwa lake.

Baba alinyamaza mpaka adhana ikaisha. Akasimama kusalisha. Alipomaliza tahiyatu ya kwanza hakutoa salamu. Akainuka kwa rakaa ya tatu, kisha ya nne. Shangazi alitoa salamu pamoja nasi. Nilimsikia akilia taratibu kwenye msala wake.

Tuliondoka Ijumaa iliyofuata. Nauli ya Jumapili ilipotea.

Basi na wewe, ndugu msomaji, usianze na kuhesabu rakaa. Anza na nia. Ukirudi Mbale au Arua, nako ndiko kwenu, safari imekwisha unapoingia mjini, hata ukikaa usiku mmoja. Ukienda kwa jamaa, jiulize umenuia siku ngapi. Kama unangoja jambo ambalo huenda likamalizika leo au kesho, Shafii anakuruhusu kupunguza hadi siku 18. Na hapa Kampala, katika muhula, sisi ni wakaazi: tunatimiza.

Siku zile tano, baba na shangazi walikaa mezani na karatasi, wakapiga hesabu ya bei ya nyumba. Alimlipa kidogo kidogo. Fungu la mwisho nililileta mimi mwenyewe, kwenye bahasha, mwaka nilipokuja kuanza chuo. Shangazi alizihesabu noti zote mbele yangu, mara mbili, kisha akaniuliza nimenuia kukaa siku ngapi.