SOMO: MAWE YA THAMANI NA MIFUPA YA KALE NI YA NANI?



Somo hili linawahusu hasa watu wa sehemu kavu za nchi yetu, kuanzia Taita Taveta mpaka Turkana, ambako mvua ikinyesha huosha udongo na kuacha vitu vya ajabu juu ya ardhi. Mchungaji anaokota jiwe linalong'aa. Mama akienda kuteka maji anaona jino kubwa lililogeuka jiwe. Je, anaruhusiwa kulibeba? Anaruhusiwa kuliuza?

Wengine husema, "Nimeliokota shambani kwangu, basi ni langu." Wengine nao, "Ardhi ya serikali ni ya wote, kila mtu ajichukulie." Maneno haya mawili yote yanaweza kumfikisha mtu kortini. Hebu tuyapime moja moja.

1. Shamba ni lako, madini si yako

Hati ya shamba inakupa haki ya kulima, kufuga na kujenga. Haikupi madini yaliyo chini. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inahesabu madini yote kuwa ardhi ya umma. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inasema ni mali ya Jamhuri, na serikali kuu inayashika kwa niaba ya wananchi, hata kama ardhi ya juu ina mwenyewe.

Lakini hiyo haina maana kwamba mwananchi hana kitu. Sheria hiyo hiyo inagawa mrabaha, yaani ile sehemu ambayo mchimbaji hulipa serikali kutokana na madini. Katika kila shilingi 100 za mrabaha, 70 ni za serikali kuu, 20 za kaunti, na 10 za jamii ya mahali yanapochimbwa. Madini yakiuzwa gizani, mrabaha haulipwi, na zile shilingi 10 za jamii zinapotea pamoja na zingine.

2. Mawe ya rangi

Taita Taveta inajulikana duniani kwa jiwe la kijani liitwalo tsavoraiti. Mtaalamu wa madini Campbell Bridges alilipata upande wa Kenya mwaka 1971, na likapewa jina la Tsavo. Jiwe dogo kama punje ya mahindi, likiwa safi, linaweza kuwa na bei kubwa sana ng'ambo. Mchimbaji je, anapata ngapi?

Hapa ndipo shida ilipo. Sheria inakataza mtu yeyote kutafuta au kuchimba madini bila kibali. Broka anajua hivyo. Anakuja kwa mchimbaji asiye na karatasi, anamtupia pesa kidogo na kumwambia, "Ukikataa, nenda kaseme kwa polisi." Ataendaje, na yeye mwenyewe yuko nje ya sheria? Asiye na kibali hana sauti, na asiye na sauti hana bei.

Na kibali kipo kwa mtu mdogo. Raia wa Kenya aliye mtu mzima anaweza kuomba kibali cha mchimbaji mdogo katika ofisi ya madini ya kaunti yake. Kinatolewa kwa muda usiozidi miaka mitatu. Kikundi au chama cha ushirika ni msaada mkubwa: mnagawana gharama, mnauza pamoja, na mwenzenu akifukiwa na shimo kuna mtu wa kumwokoa. Kumbukeni pia idhini ya mwenye shamba, au ya jamii ikiwa ardhi ni ya jamii. Na mnunuzi naye lazima awe na leseni yake. Mwambieni aionyeshe kabla hamjafungua mfuko.

3. Mifupa iliyogeuka mawe

Hii ni habari nyingine kabisa. Mifupa ya kale, ambayo wataalamu huiita visukuku, haina kibali cha kuchimba na kuuza. Inalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Kuitafuta kwa kuchimba kunahitaji leseni ya serikali. Aliyeiona kwa bahati anatakiwa kuwajulisha Makumbusho ya Taifa katika muda wa siku saba, akieleza ni mahali gani hasa na aliionaje. Kuitoa nje ya nchi bila ruhusa ni kosa.

Kwa nini ukali huu wote? Kwa sababu mfupa ukihamishwa, habari zake hupotea. Wataalamu hupima umri kwa kuchunguza tabaka za majivu ya volkeno yaliyo juu na chini ya mfupa. Mfupa ulio mfukoni mwa mtu hauna tabaka.

Mwaka 1984, huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, Mkenya Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya vijiwe vyeusi. Kwa sababu mahali pale palichunguzwa taratibu, walipata sehemu kubwa ya mifupa ya kijana aliyeishi kama miaka milioni moja na nusu iliyopita. Kama mtu angekiokota na kumwuzia mgeni, labda dunia isingemjua kijana huyo wa Turkana.

4. Ukiona kitu, fanya hivi

a) Usichimbe, usikivunje, usikioshe.
b) Weka alama: rundo la mawe kando yake, au mti ulio karibu.
c) Mjulishe chifu, na kupitia kwake watu wa Makumbusho.
d) Kama uko ndani ya mbuga ya wanyama, kwa mfano Sibiloi au Tsavo, usiondoe kitu chochote, hata jiwe la kawaida. Mwambie askari wa mbuga.
e) Mgeni akikuomba umwonyeshe mahali, mwulize kwanza leseni yake iko wapi.

Wafundisheni na watoto wanaochunga, maana wao ndio huona kwanza.

5. Maswali ya kujadiliana katika vikundi

i) Katika sehemu yetu, ni nani anayefaidika zaidi na mawe: mchimbaji, mwenye shamba au broka? Kwa nini?
ii) Tunajua ofisi ya madini ya kaunti iko wapi? Nani atatumwa kuuliza masharti ya kibali, na atatuletea majibu lini?
iii) Kama ile sehemu ya jamii ya mrabaha ingefika hapa kwetu, tungetaka ifanye kazi gani? Nani angeisimamia, na angetuonyesha hesabu namna gani?