Mpiga Gitaa na Nyumba Yake



Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya nne, wametajwa ndugu wawili wa tumbo moja. Wa kwanza ni Yabali, baba wa wale wakaao hemani na kufuga wanyama. Wa pili ni Yubali, baba wa wote wapigao kinubi na filimbi. Mama yao ni mmoja, jina lake Ada. Tusiupite mstari huo kwa haraka. Mwenye mifugo na mwenye kinubi walinyonya ziwa moja. Basi, adhaniye kwamba kazi ya kuilisha nyumba na kazi ya kupiga ala ni maadui tangu asili, amekosea.

Hata hivyo, Yabali na Yubali walikuwa watu wawili. Je, mtu mmoja akitaka kuwa Yabali asubuhi na Yubali usiku, itakuwaje? Hilo ndilo somo letu la leo.

Mfano wa nyumba moja

Tumfikirie baba mmoja wa vilima vya Ngara. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa yumo katika vijiji vingi, huko Ngara na Biharamulo hata nje ya hapo. Ana mke na watoto watatu. Ana migomba, ana shamba la maharage na mihogo, na kahawa kidogo. Jumapili hupiga kinanda kanisani. Wenzake watano wamenunua magitaa na vipaza sauti, nao wakamwomba ajiunge. Sasa bendi yao yaitwa harusini Rulenge, mara Kabanga, mara Benaco. Pengine huvuka mpaka wa wilaya wakafika Nyakahura na Biharamulo mjini. Baba hutoka Ijumaa alasiri, hurudi Jumapili, na Jumatatu macho yake ni mekundu kwa kukosa usingizi.

Jumamosi moja mvua ya kwanza ilinyesha. Mbegu za maharage zilikuwa bado katika debe chini ya kitanda, maana baba alisema, “Tutapanda nitakaporudi.” Mke hakungoja. Alimfunga mtoto mgongoni, akapanda peke yake hata jua likazama. Baba aliporudi akakuta kazi imekwisha. Akashukuru. Mke akasema, “Haya, mume wangu,” akaendelea kupika. Hapakuwa na ugomvi. Lakini tangu siku ile mke hakumwuliza tena bendi inakwenda wapi, wala inarudi lini.

Je, baba huyo ni mtu mwovu? La hasha. Hakulewa, hakuiba, hakumpiga mtu. Ndiyo maana kosa lake si rahisi kuonekana. Mlevi huonwa na kijiji kizima, na wazee humwita wakamwonya. Lakini mtu asifiwaye na kijiji kizima, nani atamwita kumwonya? Mkewe tu ndiye ajuaye, naye amekwisha kunyamaza.

Hamu ya muziki si dhambi

Wako wazazi na wakwe wasemao, “Auze gitaa, basi.” Shauri hilo ni rahisi mno. Muziki haukuletwa Kagera na magitaa. Kabla ya magitaa hayo inanga ilipigwa Ngara, na Wahaya waliipiga wakiiita enanga. Ngoma nazo zilikuwa na heshima yake. Mtu aliyezaliwa na kipaji hicho akikizika kwa nguvu, huenda akabaki nyumbani kwa mwili tu, moyo wake ukawa na kinyongo.

Hebu tumkumbuke Salum Abdallah wa Morogoro. Alipokuwa kijana alizipenda mno nyimbo za Kuba. Akaondoka nyumbani, akafika Mombasa, akitumaini kupanda meli mpaka Kuba. Hakufanikiwa. Alirudi Morogoro, na mwaka 1948 akaanzisha bendi iliyokuja kujulikana kama Cuban Marimba. Alichotaka kukifuata ng'ambo ya bahari, alikuja kukipata mjini kwao. Katika kisa hicho mna faraja kwa kijana adhaniye kwamba hawezi kuwa mwanamuziki mpaka kwanza akimbie jamaa zake.

Tarehe 22 Novemba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Tarehe hiyohiyo, mwaka 1981, Papa Yohane Paulo wa Pili alitoa wosia wake wa kitume juu ya familia, uitwao Familiaris Consortio. Humo amewakumbusha akina baba kwamba kukosekana kwao nyumbani huwadhuru watoto, na kwamba kazi ya baba isiigawanye nyumba, bali iimarishe umoja wake. Hakuitaja bendi wala hakuikataza. Kipimo alichotoa ni kimoja kwa mwalimu, dereva, mvuvi na mpiga gitaa: je, kazi hii yaiunganisha nyumba, au yaipasua?

Bendi nayo ni kazi

Historia ya bendi za nchi yetu yatufundisha jambo moja kubwa. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake, NUTA Jazz. Wanamuziki wake waliajiriwa, nao walipokea mshahara wa mwezi kama wafanyakazi wengine. Bendi hiyo ilibadilisha majina kadiri chama kilivyobadilika, nayo imekuja kuitwa Msondo Ngoma. Tuangalie neema ya mpango ule. Sifa za mwanamuziki zilikuwa zake, lakini mkewe naye aliijua siku ya mshahara. Aliweza kuhesabu unga, mafuta na sare za watoto. Nyumba hailishwi kwa makofi ya watu. Hulishwa kwa fedha ambayo siku yake yajulikana.

Vilevile Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, mashariki ya Kongo, alifiwa na wazazi akiwa bado kijana, na muziki ukawa njia yake ya kuwatunza wadogo zake. Baadaye, mwaka 1978, alikuja Dar es Salaam na kupata sifa kubwa. Kwa hiyo tusiseme kwamba muziki na malezi havipatani. Hupatana pale ambapo mpigaji akumbuka anampigia nani.

Bendi ya kijijini haina chama cha kuilipa mshahara. Basi haina budi kujitungia hesabu yake yenyewe. Tutoe mfano. Bendi ya watu sita yalipwa shilingi 300,000 kwa harusi moja. Nauli na usafirishaji wa vyombo ni 60,000. Akiba ya bendi ni 60,000. Zilizobaki ni 180,000, na kila mmoja apata 30,000. Ikiwa nyumbani alitafutwa kibarua wa siku mbili kwa shilingi 14,000, basi nyumba imebakiwa na 16,000. Lakini kijijini imekwisha kuvuma kwamba “wamepewa laki tatu.” Mke asikia laki tatu kisimani, na mkononi aona elfu tano. Hapo shaka huingia, na shaka ikiingia haihitaji ushahidi. Hesabu ile ile ingalisomwa mezani siku ya kurudi, pasingalikuwa na shaka.

Tena sheria ya nchi haikunyamaza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamtaka mume amtunze mkewe kwa makao, mavazi na chakula, kwa kadiri ya uwezo wake. Haikumsamehe mtu kwa sababu ana deni la kipaza sauti.

Mambo matatu ya kupatana

Yafaa mume na mke wakae pamoja, mchana, bila hasira, wapatane juu ya mambo matatu.

La kwanza ni majira. Mungu amewarahisishia watu wa vilima vyetu jambo hili. Mvua za kwanza huanza mwezi wa Septemba au Oktoba. Za pili hushika tangu Februari au Machi hata Mei. Kiangazi cha Juni mpaka Agosti mavuno yamekwisha kuingia, na harusi ni nyingi. Isitoshe, Majilio huangukia wakati wa palizi, na Kwaresima huja pamoja na mvua za pili. Na katika vipindi hivyo harusi za shangwe huwa chache. Hivyo kalenda ya Kanisa na kalenda ya jembe zakubaliana: kuna miezi ya gitaa, na kuna miezi ya mbegu. Bendi yenye busara itaandika ratiba yake kwa kufuata majira hayo, wala haitapokea mwaliko wa mbali juma la kupanda. Na mwezi wa harusi nyingi, ijulikane mapema ni Jumamosi ngapi zitakuwa za bendi, na ngapi za nyumbani.

La pili ni fedha. Fungu la nyumba litolewe kwanza, kabla ya nyuzi mpya za gitaa. Wala deni la vyombo lisikopwe kwa rehani ya shamba au ng'ombe pasipo mke kujua. Alaye pamoja nawe ndiye atakayelia njaa pamoja nawe. Ana haki ya kuulizwa.

La tatu ni safari ya usiku. Salum Abdallah tuliyemtaja alifariki mwaka 1965 kwa ajali ya gari. Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa hodari aliyelijengea jina Morogoro Jazz na kisha Super Volcano, naye alikufa kwa ajali ya gari huko Mombasa mwezi wa Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34. Taifa liliomboleza wanamuziki. Jamaa zao waliwaomboleza watu wa nyumbani mwao. Barabara itokayo Lusahunga kwenda Rusumo yapitwa na malori makubwa ya Rwanda na Burundi. Kuipita saa nane ya usiku juu ya pikipiki, gitaa mgongoni na usingizi machoni, si ushujaa. Bendi na iombe mahali pa kulala kwa mwenye harusi, liwe sharti la mapatano kama ilivyo malipo. Arudiye asubuhi akiwa mzima ni bora kuliko aliyeahidi kurudi usiku.

Na mama je?

Hapa twafika kwenye swali ambalo mara nyingi hatuliulizi. Tumesema habari za baba na hamu yake. Mke wake je? Yawezekana kabla ya ndoa aliimba kwaya, tena sauti yake ilisikika kuliko zote. Alipozaa mtoto wa kwanza akaacha kwenda mazoezini. Hakuna aliyeitisha kikao. Hakuna aliyemwuliza kama anaumia. Watu walisema tu, “Sasa ni mama wa nyumba.” Kumbe hamu ya Yubali ilikuwamo hata ndani yake!

Tusidhani kwamba kipaji ni cha wanaume. Saida Karoli, binti wa mkoa huu wa Kagera, alivuma nchi nzima na nje yake mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa nyimbo za Kihaya, na hata wasioijua lugha walizicheza. Ni sauti ngapi za namna hiyo zimenyamaza jikoni kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumshika mtoto kwa saa mbili?

Basi mume atakaye ruhusa ya kwenda na bendi na aanze kwa kutoa ruhusa nyumbani kwake. Jumatano jioni, mke aende mazoezi ya kwaya, naye baba abaki na watoto, awape uji, awaogeshe, awalaze. Atajifunza mambo mawili: kwamba kazi ile si ndogo, na kwamba ajaye nyumbani akiimba huleta furaha kuliko ajaye amenyamaza. Mke aliyepewa nafasi yake hana sababu ya kuhesabu kwa uchungu kila Jumamosi ya mumewe.

Turudi kwa yule baba wa mfano wetu. Dawa yake si kuuza gitaa. Dawa yake ni kumwuliza mkewe lile swali alilolikwepa tangu siku ya maharage: “Ulipopanda peke yako, moyoni ulisema nini?” Kisha anyamaze, asikilize mpaka mwisho, asijitetee. Mwanamuziki mwema ajua kusikiliza kabla ya kupiga. Asiyeweza kumsikiliza mkewe, sikio lake bado halijakamilika.

Yabali na Yubali waweza kukaa ndani ya mtu mmoja, nyumba isivunjike. Ila sharti wakumbuke kwamba mama yao ni mmoja.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika jumuiya

1. Ni kazi au burudani gani nyumbani kwetu husifiwa na watu wa nje, lakini wa ndani wanaibeba kwa kimya?

2. Je, mume na mke wote wawili waijua hesabu ya kila fedha iingiayo?

3. Ni mwezi gani nyumba yetu yamhitaji kila mtu, asikosekane hata mmoja?

4. Ni nani kati yetu aliacha kuimba, na je, tumewahi kumwuliza sababu?